Kasri la Mtoni kwa nauli ya daladala

Mara ya kwanza nilipofika kwenye magofu ya Kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, nilikaa pale robo saa tu, na nusu ya muda huo niliutumia kupiga picha. Tulikuwa watu tisa wa ofisi moja kutoka Dar es Salaam, tumechanga fedha nyingi kwa kadiri ya mishahara yetu ili tukodi gari na mtu wa kutuongoza kwa asubuhi moja, na ratiba tuliyopewa ilikuwa na sehemu nne za kihistoria kabla ya adhuhuri. Kiongozi wetu alitaja miaka miwili mitatu, akatuonyesha ukuta, akatazama saa yake. Nilirudi nyumbani na picha arobaini za kuta, na mwaka mmoja baadaye binti yangu aliponiuliza nani aliishi katika nyumba ile, sikuweza kumjibu zaidi ya kusema kwamba alikuwa sultani.

Swali lile liliniuma. Nilianza kusoma, kidogo kidogo, jioni baada ya kazi, na kilichonisaidia kuliko vyote ni kumbukumbu za maisha zilizoandikwa na Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri hilohilo mwaka 1844 na kuzichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa mjane nchini Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Nilizisoma katika tafsiri ya Kiingereza, nikiwa na daftari pembeni, na kila alipotaja ua, ngazi, kisima au ubaraza niliandika. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na nyumba nzima kichwani, na nikatambua kwamba nilikuwa nimesimama ndani yake bila kuiona. Ndipo nilipoamua kurudi, peke yangu, kwa fedha kidogo, na kwa muda wa kutosha.

Shangazi yangu anaishi Michenzani, kwa hiyo malazi hayakuwa tatizo. Nilitenga shilingi 20,000 kwa siku nzima: nauli, kiingilio, maji, chakula, na akiba ya dharura. Shangazi alipoona najiandaa kutafuta teksi kwa simu, alinizuia. “Ya nini teksi, mwanangu? Panda gari ya Bububu, namba 502, mwambie kondakta akuteremshe Mtoni. Wewe unakwenda kuangalia ukuta, na ukuta haukimbii.” Nilimtii, na mpaka leo namshukuru.

Niliondoka saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, na hapo niligundua jambo ambalo msafiri wa fedha chache anapaswa kulijua mapema: asubuhi watu humiminika kuingia mjini, hivyo daladala zinazotoka mjini huwa na nafasi, ilhali alasiri mambo hugeuka. Nilipata kiti karibu na mlango, nikiwa na sarafu na noti ndogo mkononi, kwa sababu kumpa kondakta noti ya elfu kumi asubuhi ni kumtia katika mashaka na kuwachelewesha wenzako. Nilimweleza ninakokwenda kabla gari halijaondoka, na abiria wawili waliosikia wakajitwika jukumu la kunikumbusha. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la mboga magotini aliniuliza kama nina ndugu Mtoni. Nilipomwambia kwamba naenda kuona kasri, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba amepita pale maisha yake yote, kwamba wazee wake walikuwa wakizungumza habari za Bibi Salme, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuingia.

Njia ya kaskazini inafuata pwani. Unapita Saateni, unapita Maruhubi, na kati ya majengo bahari inaonekana kwa vipande upande wa kushoto. Safari yenyewe ni fupi mno, na nauli ya kwenda na kurudi haikufika shilingi 2,000. Ndani ya gari la kukodi, mwaka uliotangulia, sikuwa nimeona lolote katika njia hii kwa kuwa vioo vilikuwa na giza na sisi tulikuwa tukizungumza mambo ya ofisini. Safari hii niliona kwa macho yangu jinsi makasri ya zamani yalivyopangwa kando ya maji, moja baada ya jingine, na nikaelewa kwa nini: watawala wale walikuwa watu wa bahari, walifika kwa jahazi, walipokea habari kwa jahazi, na nyumba isiyoiona bahari haikuwafaa.

Kasri la Mtoni ndilo kongwe kuliko makasri yote ya Unguja. Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar na baba yake Salme, alianza kulijenga mwaka 1828, kabla hajayahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na jina lake linatokana na kijito kilichopita katika eneo hilo na kumwaga maji yake baharini. Langoni nilimsalimu mlinzi, mzee mwenye kofia iliyofifia rangi, nikalipa kiingilio, kisha nikamwomba ruhusa ya kukaa muda mrefu. Aliniuliza muda mrefu ni kiasi gani. Nilimwambia mpaka adhuhuri, naye akaniangalia kwa mshangao uliochanganyika na furaha.

Nilianza uani, kwa sababu Salme anaanzia uani. Kwa maelezo yake, ua wa Mtoni ulikuwa mpana, wenye wanyama waliotembea huru: paa, tausi, heroe, mbuni. Anasimulia jinsi tausi mmoja mkali alivyomshambulia mmoja wa ndugu zake, na jinsi watoto walivyomkamata ndege yule na kumnyofoa manyoya ya mkia. Upande mmoja wa ua kulikuwa na nyumba za kuogea, na upande mwingine makazi ya baba yake. Nilisimama katikati, daftari mkononi, nikajaribu kuupanga ua ule upya: hapa maji, pale ngazi, kule ubaraza wa mbao wa duara ulioelekea baharini, ambao Salme anauita benjile. Baba yake alikuwa akitembea juu ya ubaraza huo huku na huko, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la vita. Mbao zimekwisha zamani. Lakini bahari ileile iko palepale, na mtu akisimama akiielekea hupata kujua ni upande gani mtawala yule alikuwa akiutazama alipokuwa na mawazo.

Baada ya hapo nilizifuata kuta moja moja, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi. Kuta za Mtoni ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na juu yake, kwa mstari ulionyooka, kuna matundu ya mraba au ya duara ambayo mara ya kwanza niliyadhani kuwa mapambo au madirisha yaliyozibwa. Ni makao ya boriti. Dari za nyumba za zamani za pwani yetu zilishikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba havikuweza kuwa vipana zaidi ya kama mita tatu hivi. Ukilijua hilo, unaelewa mara moja kwa nini chumba cha sultani ni chembamba na kirefu kama ujia, na kwa nini utajiri wake haukuweza kuonekana katika upana wa chumba, bali katika idadi ya vyumba, unene wa kuta, na vitu vilivyopangwa katika vidaka vilivyochongwa ukutani. Mti wa mkoko ulimpangia mfalme ukubwa wa chumba chake. Kwa nusu saa nzima nilikuwa nikihesabu matundu na kupima vyumba kwa hatua zangu, na hakuna aliyenihimiza kurudi garini.

Mlinzi alinifuata baadaye, akanikuta nimekaa kivulini chini ya ukuta mrefu. “Mwanangu, usikae hapo,” alisema. “Ukuta huo mvua imeula.” Alinionyesha juu, mahali ambapo majani na kijiti chembamba vimeota kati ya mawe, akanieleza kwamba jengo la namna hii hufa kuanzia juu. Paa likishaondoka, maji ya masika huingia katika kichwa cha ukuta, huyeyusha na kusomba chokaa iliyoshika mawe, kisha mbegu zinazoletwa na ndege hupata udongo wa kuotea, na mizizi humalizia kazi. Ukuta unaoonekana imara kwa mbele unaweza kuwa mtupu kwa ndani. Nilihama mara moja. Nilikumbuka Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, tena hilo lilikuwa na paa na likifanyiwa ukarabati. Tangu siku hiyo, katika gofu lolote ninalotembelea, natazama kwanza kichwa cha ukuta kabla ya kuchagua mahali pa kukaa, na mtoto niliye naye namshika mkono.

Mtoni liliteseka zaidi ya mvua. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman, na baada yake kasri lilipoteza nafasi yake polepole. Mwaka 1914 moto uliharibu sehemu kubwa, na baadaye yaliyosalia yakatumiwa kama ghala. Ukizunguka kwa makini unaona mahali ambapo ukuta ulikatwa ili kupitisha mizigo, na makovu hayo nayo ni historia, ingawa hakuna kibao kinachoyaeleza.

Kuna jambo moja ambalo ratiba yetu ya awali haikuligusa hata kwa neno. Salme anakadiria kwamba kasri na viunga vyake vilikuwa na watu wapatao 1,000. Wanafamilia walikuwa wachache mno miongoni mwa idadi hiyo. Waliobaki wengi walikuwa watumwa: waliochota maji, waliopika, waliopiga fagio ua wa tausi, walionyonyesha watoto wa kifalme; na nje ya kuta hizi, katika mashamba ya karafuu, walikuwako wengine kwa maelfu. Salme mwenyewe alizaliwa na suria wa Kicherkesi, Jilfidan, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo, na bado alipoandika juu ya utumwa aliutetea, jambo lililonisikitisha sana nilipolisoma, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda kwa ujasiri wake. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897. Nilisimama karibu na nyumba za kuogea nikafikiria mikono iliyopasha maji yale. Hakuna aliyeandika majina yao. Naamini kwamba mtu anayetembelea kasri lolote la pwani yetu ana wajibu wa kuwatafuta watu hao kwa macho, hata kama kilichobaki ni tundu la boriti walilolichonga wao.

Adhuhuri ilipoingia nilimuaga mzee, nikanywa maji, na badala ya kungoja daladala nikaamua kurudi kwa miguu hadi Maruhubi, bahari ikiwa upande wangu wa kulia. Sikufanya hivyo kwa ajili ya kuokoa nauli tu. Katika kusoma kwangu nilikuwa nimetambua kwamba kipande hiki cha barabara kinaunganisha nyumba ya dada na nyumba ya kaka, na nilitaka kukipima kwa miguu yangu.

Salme alijifunza kuandika kwa siri. Wasichana wa ukoo wake walifundishwa kusoma Kurani, lakini kalamu haikuwa haki yao, hivyo alinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia mpaka mkono ukazoea. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika siasa. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka kama 15, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa sultani, Salme ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake, Salme akiwamo, walimtoa nje akiwa amejifunika nguo za kike, wakipita mbele ya askari. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1866 Salme naye aliondoka, kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akaolewa mwaka uliofuata na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, aliyekuja kufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg na kumwacha na watoto wadogo watatu. Mwaka huohuo wa 1870 Barghash akawa sultani. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885, akiletwa na manowari za Kijerumani ambazo zilikuwa na makusudi yao wenyewe, alitumaini kupatana na kaka yake na kupata urithi wake. Barghash alikataa kumwona.

Nilitembea nusu saa hivi, pembezoni mwa barabara, nikijihadhari na pikipiki na jua. Nawashauri watakaofuata njia hii wavae viatu vilivyofungwa, wajifunike kichwa, na watembee wakielekeana na magari, kwa kuwa sehemu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Nusu saa ni muda mfupi. Lakini kati ya nyumba alikozaliwa Salme na nyumba aliyoijenga Barghash kulikuwa na ugomvi ambao miaka kumi na tisa haikuutuliza, na nilipokuwa nikitembea nilikuwa naufikiria zaidi kuliko nilivyoweza kuufikiria nikiwa nimeketi na kitabu.

Kasri la Maruhubi lilikamilika mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899. Halikudumu hata miaka ishirini. Kinachokushika macho ni nguzo: mistari ya nguzo nene za mawe zilizosimama bila kubeba kitu, kwa sababu roshani ya mbao iliyokuwa juu yake iliteketea. Masimulizi yanasema hapa Barghash aliweka mkewe na masuria 99. Nyumba za kuogea zimesalia kwa sehemu, lakini marumaru yake iliibwa, na matangi ya maji yameota mimea. Mara ya kwanza nilipiga picha za nguzo hizi nikidhani kwamba jengo lote lilikuwa la mawe. Safari hii nilijua kuuliza kilichokuwa juu ya nguzo, na jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini Maruhubi liliisha kwa moto mmoja wakati kuta za Mtoni, zilizo kongwe kwa nusu karne, ziliendelea kusimama hata baada ya kuungua. Ufukweni mafundi walikuwa wakitengeneza chombo cha mbao, wakipigilia pamba kati ya mbao ili maji yasipenye, na mlio wa nyundo ulinifuata muda wote niliokuwa kati ya nguzo.

Sidai kwamba fedha kidogo humfanya kila mtu aone vizuri. Gari la kukodi lina nafasi yake kwa mzee, kwa mgonjwa, kwa mama mwenye watoto wadogo, na kiongozi mwenye elimu na subira anastahili kila shilingi anayolipwa. Kosa letu la mara ya kwanza lilikuwa kununua idadi ya sehemu badala ya muda wa kukaa. Kama ningeulizwa leo na wafanyakazi wenzangu, ningewaambia wachague kasri moja, au mawili yenye udugu kama haya, wasome kwa mwezi mzima kabla ya kwenda, na fedha ya gari wampe mlinzi wa mahali hapo, aketi nao na kuzungumza.

Saa kumi nilisimama kando ya barabara, na kinyume na nilivyotazamia, daladala mbili za kwanza zilinipita zikiwa zimejaa. Ya tatu ilinichukua nikiwa nimesimama, shingo imeinama. Nilipofika Michenzani, shangazi alinimiminia chai, akataka nimsomee yaliyomo katika daftari, nami nikamsomea mpaka magharibi. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika kwenye mfupa wa ngamia, akaniomba nirudie. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake mwenyewe alisoma Kurani yote kwa moyo na hakujua kuandika jina lake.

Nilihesabu fedha nilizobakiza: zilikuwa zaidi ya nusu ya nilizotenga. Kuna hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, juu ya kilima ng'ambo ya Bububu, na shangazi anasema tutakwenda sote wawili. Nimeanza kusoma.